Namna ya Kuandaa na Kusawazisha Monita Mpya kwa Ajili ya Kuhariri Picha

Monita mpya ikitolewa kwenye boksi na kuwashwa kwa mara ya kwanza hupendeza mno, na hapo ndipo matatizo ya mhariri wa picha yanapoanzia. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Watengenezaji huipanga iwe na mwangaza mkali, weupe unaoelekea ubuluu na rangi zilizokolea, kwa sababu ndiyo sura inayomvutia mnunuzi anapoilinganisha na nyingine zilizowashwa kando yake. Lakini sura hiyo haimsaidii mtu anayetaka kuamua iwapo kivuli kilicho usoni kimezidi, au iwapo gauni jeupe limeingiwa na umanjano.

Niliwahi kuhariri picha za watu kwa juma zima mbele ya monita ambayo mipangilio yake sikuwa nimeigusa. Kila uso ulionekana umejaa nuru, nami nikawa napunguza kidogo hapa, kidogo pale. Zilipochapishwa zilirudi zimezama gizani, nyusi na nywele zimeungana kuwa doa moja jeusi. Nikamlaumu mchapishaji, akazichapisha upya, zikatoka vilevile. Nilipokuja kupata kifaa cha kupimia nikakuta weupe wa monita ile unazidi kandela 300 kwa mita ya mraba, yaani karibu mara tatu ya ule ninaoutumia sasa. Tangu hapo nimeshika utaratibu mmoja: mwangaza hushughulikiwa kwanza, rangi hufuata. Wengi wetu huhangaikia rangi ilhali kosa kubwa liko kwenye mwangaza.

Chumba na mahali pa kuiweka

Jicho halina kipimo cha kudumu, kwani hujirekebisha kulingana na nuru inayolizunguka. Monita ileile itaonekana hafifu mchana dirisha likiwa wazi, na itaonekana kali usiku taa zikiwa zimezimwa, ingawa yenyewe haijabadilika hata chembe. Kwa hiyo kabla ya kugusa kitufe chochote, amua utakuwa ukifanya kazi katika nuru gani, kisha uihifadhi nuru hiyo. Dirisha lisiwe mbele ya monita wala nyuma yake. Likiwa ubavuni na lina pazia zito, linatosha. Tumia taa ya aina moja, ielekezwe ukutani au mezani, isimulike kwenye kioo.

Ukuta ulio nyuma ya monita ukiwa wa kijivu au mweupe usiong'aa ni bora zaidi, kwa maana ukuta wa rangi ya chungwa utaufanya weupe wa skrini uonekane una ubuluu ambao haupo. Hata nguo uliyovaa inahesabika: shati jekundu hujirudisha kwenye kioo, na wekundu wake huonekana hasa katika sehemu nyeusi za picha. Badilisha pia picha ya mandharinyuma ya kompyuta uweke kijivu kitupu. Machweo yenye rangi kali nyuma ya dirisha la programu huyavuta macho yako kila mara, na hutajua kwamba yanakuvuta.

Iweke monita ili jicho likutane na sehemu yake ya juu kidogo ya katikati, na kioo kikuelekee wima bila kuinama upande. Paneli, yaani kile kioo kinachoonyesha picha, huwa za aina mbalimbali: zile za IPS huvumilia mkao mbaya kuliko za TN, ambazo hubadili mwangaza wake ukiinua au kuinamisha kichwa tu. Paneli ya TN, kwa maoni yangu, haifai kazi hii hata ikisawazishwa namna gani.

Kuiunganisha na kuzima visaidizi

Unganisha kwa kebo ya DisplayPort, USB-C au HDMI, kisha hakikisha mfumo endeshi unatumia idadi ya pikseli iliyo asili ya paneli hiyo. HDMI ina mtego wake. Baadhi ya kompyuta huidhania monita kuwa televisheni na kuipelekea ishara ya ngazi 16 hadi 235 badala ya 0 hadi 255, na matokeo yake weusi hugeuka kijivu kama moshi na picha nzima huonekana imetandwa na ukungu. Ukiona hivyo usikimbilie kuongeza kontrasti. Ingia kwenye mipangilio ya kadi ya picha uchague ngazi kamili.

Baada ya hapo zima kila kitu kinachojifanya kukusaidia. Kwenye menyu ya monita zima kontrasti inayojibadilisha yenyewe, hali ya kubana umeme, kihisi cha nuru ya chumba, na kinoaji cha kingo za picha. Kwenye kompyuta zima hali ya usiku inayoifanya skrini iwe na rangi ya joto, urekebishaji wa mwangaza unaojiendesha, na HDR, yaani hali ya kupanua masafa ya mwangaza. Kimoja tu kati ya hivi kikibaki kimewashwa, vipimo vyote vitakavyofuata vitakuwa kazi bure, kwa sababu unapima kitu kinachosogea. Katika orodha ya hali za picha, achana na zile za michezo na sinema; chagua ile inayokuruhusu kurekebisha nyekundu, kijani na buluu kila moja peke yake, ambayo mara nyingi huitwa hali ya mtumiaji.

Iache monita iwake kwa nusu saa kabla ya kupima chochote. Taa za nyuma ya paneli huhitaji muda kupata moto na kutulia.

Mwangaza

Mwangaza wa skrini hupimwa kwa kandela kwa mita ya mraba. Monita nyingi hutoka kiwandani zikiwa na kandela 250 hadi 350, na mtu anayehariri picha kwa ajili ya karatasi huhitaji kati ya 80 na 120 katika chumba chenye nuru ya wastani. Unapoteremka kutoka 300 hadi 120, dakika za kwanza utadhani monita imeharibika. Fanya kazi nyingine kwa robo saa, na macho yatazoea.

Tarakimu hiyo inatokana na karatasi yenyewe. Karatasi nyeupe isiyong'aa haina nuru yake. Hurudisha nuru iliyoiangukia. Chukua nuru ya taa kwa luksi, kipimo cha nuru inayoangukia kitu, zidisha kwa kiasi cha nuru kinachorudishwa na karatasi, gawanya kwa 3.14, na utapata kandela. Karatasi inayorudisha asilimia 90 ikiwekwa chini ya taa ya luksi 400 hutoa takribani kandela 115, na ikiwekwa kwenye luksi 500, ambayo ni nuru inayotajwa katika kiwango cha ISO 3664 kwa kukagua picha zilizochapishwa katika mazingira ya kawaida, hutoa kama 143. Monita yenye kandela 300 kwa hiyo inashindana na karatasi iliyowekwa mahali penye zaidi ya luksi 1,000, na ni nani anayetazama picha zake mahali kama hapo kila siku? Skrini inakuambia picha ina nuru ya kutosha, karatasi inakataa, na karatasi ndiyo itakayotundikwa ukutani.

Asiye na kifaa cha kupimia anaweza kutumia kamera yake, na wapiga picha wengi hawajui kwamba kipimo cha nuru kilichomo ndani yake kinafaa kwa jambo hili. Fungua ukurasa mweupe mtupu ujaze skrini nzima. Weka kamera kwenye ISO 100 na tundu la lenzi f/5.6, tumia upimaji wa nukta, unaopima sehemu ndogo tu ya fremu, na usogee hadi weupe ujaze fremu. Si lazima ulenge kwa makini, hata picha ikiwa na ukungu hakuna hasara. Kamera ikishauri kasi ya shata ya 1/30 ya sekunde, weupe huo uko karibu na kandela 120. Ikishauri 1/60 uko karibu na 240, na ikishauri 1/125 mtu huyo anahariri picha mbele ya dirisha. Hesabu hii hutofautiana kidogo kutoka kamera moja hadi nyingine, kwa hiyo ichukue kama makadirio.

Njia hiyohiyo ina matumizi yaliyo sahihi zaidi, kwa kuwa haitegemei tarakimu ya mtengenezaji yeyote. Weka karatasi nyeupe ya kuchapishia chini ya taa ambayo utakagulia picha zako, ipime kwa kamera, ukumbuke kasi ya shata. Kisha pima skrini nyeupe kwa ISO na tundu lilelile, ukiteremsha mwangaza wa monita kidogo kidogo hadi kasi ilingane. Sasa skrini na karatasi zina mwangaza mmoja, na umeokoa karatasi nyingi na wino mwingi.

Weusi hauhitaji kuhangaikiwa sana. Paneli ya IPS yenye kontrasti ya 1000 kwa 1, ikiwa na weupe wa kandela 120, itakuwa na weusi wa kandela 0.12, ambao umepita uwezo wa karatasi yoyote. Uache ulivyo.

Weupe, gama na upana wa rangi

Weupe nao una rangi. Hutajwa kwa kelvini: tarakimu ikiwa ndogo weupe huelekea umanjano, ikiwa kubwa huelekea ubuluu. Nafasi za rangi, yaani mipaka ya rangi zinazoweza kuelezwa, za sRGB na Adobe RGB zote zimejengwa juu ya weupe uitwao D65, ambao ni takribani kelvini 6500, na hapo ndipo pa kuanzia kwa karibu kila mtu. Wachapishaji wao hukagua kazi chini ya taa za D50, zenye takribani kelvini 5000, na kutokana na hilo wapo wanaosawazisha monita zao kwenye 5000. Mimi siwafuati. Skrini ya 5000 katika chumba cha kawaida huonekana kama imemwagiwa chai, na mtu huanza kuongeza ubuluu kwenye picha bila kujijua. Anza na 6500. Ukiwa na taa nzuri ya kukagulia na karatasi kando ya skrini, ukaona weupe wa skrini ni wa baridi kuliko wa karatasi, teremka kwa hatua ndogo hadi viwili hivyo vifanane. Jicho ndilo lenye neno la mwisho hapa, na hapa tu.

Usiamini maandishi ya menyu. Chaguo lililoandikwa 6500 kwenye monita laweza kutoa 7000 au 6100, na ndiyo maana tunapima.

Gama ni mkunjo unaoamua namna ngazi za kati zinavyopanda kutoka weusi hadi weupe. Chagua 2.2 uendelee. Maelezo ya zamani yanayotaja 1.8 yalihusu kompyuta za Mac, ambazo ziliachana na thamani hiyo mwaka 2009.

Upana wa rangi unahitaji uamuzi. sRGB, iliyopendekezwa na HP na Microsoft mwaka 1996, ndiyo lugha ya intaneti na simu nyingi. Adobe RGB ya mwaka 1998 inafika mbali zaidi, hasa katika kijani na samawati. Monita yenye upana mkubwa ni neema kwa anayechapisha, lakini ni balaa katika programu zisizojali profaili, yaani faili linaloeleza rangi za monita: ngozi ya mtu huwa nyekundu kana kwamba ameunguzwa na jua, na majani hung'aa kama plastiki. Ikiwa kazi yako yote huishia kwenye intaneti, hali ya sRGB ya monita inaweza kukutosha, mradi uhakikishe kwanza kwamba hali hiyo haijafunga kitufe cha mwangaza, kwani baadhi ya monita hufanya hivyo. Ikiwa unachapisha pia, tumia upana wote wa monita na utegemee profaili.

Kupima kwa kifaa

Kuna mambo mawili ambayo watu huyaita kwa jina moja. Kusawazisha ni kuibadili monita ifikie malengo uliyoyachagua: mwangaza, weupe, gama. Kutengeneza profaili ni kuieleza monita jinsi ilivyo baada ya kusawazishwa, katika faili ambalo programu nyingine hulisoma ili kutafsiri rangi. Faili hilo hufuata utaratibu wa shirika la ICC, lililoundwa mwaka 1993. Kifaa na programu yake hufanya yote mawili kwa mfululizo, na ndiyo sababu hayatofautishwi, lakini ukijua tofauti utajua pia pa kutafuta kosa linapotokea.

Kifaa chenyewe ni kolorimita, yaani kipima rangi, ambayo ni ndogo na hushikwa kiganjani. Programu inayokuja nayo inatosha. Anayetaka udhibiti zaidi anaweza kutumia ArgyllCMS ya Graeme Gill, ambayo ni programu huria, au DisplayCAL ambayo huitegemea hiyo na ina madirisha ya kubonyeza. Katika programu yoyote, chagua kwa usahihi aina ya taa ya nyuma ya monita yako. Vichujio vya kolorimita havioni kama jicho la binadamu, na programu huvisahihisha kulingana na aina ya taa. Ukiidanganya, kipimo kitakuwa na rangi ya uongo huo.

Inamisha monita kidogo kwa nyuma, futa vumbi, ning'iniza kifaa katikati ya skrini na uzito wake uwe umeshikwa kwa nyuma. Sponji yake iguse kioo pande zote bila kukandamiza. Ukiona mstari wa nuru ukipenya chini yake, rekebisha mkao. Programu itakuonyesha pau tatu, nyekundu, kijani na buluu, zikipanda na kushuka unapogusa vitufe vya monita. Punguza ile iliyozidi badala ya kuinua iliyopungua, kwa sababu rangi iliyoinuliwa kupita kiasi hufikia kikomo na kupoteza ngazi za juu. Pau zikilingana, rudi kwenye mwangaza, maana utakuwa umeshuka, kisha rudi tena kwenye pau. Mizunguko miwili au mitatu hutosha.

Usifanye hatua hii kwa pupa. Yale ambayo vitufe vya monita vimeyaacha bila kusahihishwa, programu huyasahihisha kwa mikunjo inayowekwa kwenye kadi ya picha, na kadi inayotuma biti 8 ina ngazi 256 tu kwa kila rangi. Kila sahihisho hula baadhi ya ngazi hizo, na matokeo yake anga laini hugawanyika kuwa mikanda. Monita zinazosawazishwa ndani kwa ndani, zenye majedwali yao wenyewe ya kusahihisha rangi, huliepuka tatizo hili. Nyingine zote hutegemea uvumilivu wako kwenye vile vitufe vitatu.

Kisha programu huanza kuonyesha vipande vya rangi kimoja baada ya kingine. Vyeupe na vyenye rangi kali hupita upesi. Vikifika vya kijivu kizito, kifaa hukaa kimya kwa sekunde kadhaa kwa kila kimoja kana kwamba kimeganda, kwa sababu nuru ni chache na kinahitaji muda kuikusanya. Usiguse kipanya, usiwashe taa ya juu, na kihifadhi skrini kiwe kimezimwa tangu mwanzo. Mwishoni hifadhi profaili kwa jina lenye tarehe, mwangaza na weupe, kwa mfano monita-120-6500 pamoja na mwezi na mwaka.

Kuhakikisha

Programu nyingi hutoa ripoti ya delta E, yaani umbali kati ya rangi iliyotakiwa na iliyopatikana. Wastani ulio chini ya 2 unakubalika kwa kazi nyingi. Wapo wanaorudia upimaji usiku kucha ili kushusha 0.9 iwe 0.6, lakini hakuna mteja aliyewahi kuiona tofauti hiyo. Kinachofaa zaidi ni kufungua mteremko wa kijivu kutoka weusi hadi weupe, bila rangi yoyote ndani yake, na kuukagua polepole: haupaswi kuwa na uwaridi sehemu moja na ukijani sehemu nyingine, wala mikanda yenye kingo.

Kosa linaloharibu kazi baada ya upimaji mzuri ni kuiweka profaili ya monita mahali pasipo pake. Mahali pake ni katika mipangilio ya rangi ya mfumo endeshi, ambako programu kwa kawaida huiweka yenyewe. Isiwe nafasi ya kazi, yaani nafasi ya rangi ambamo picha huhaririwa, ndani ya programu ya kuhariri; hapo panataka sRGB au Adobe RGB. Anayeiweka profaili ya monita kama nafasi ya kazi huzifunga picha zake kwenye kasoro za kioo kimoja, na zikifunguliwa kwingine hubadilika.

Rudia upimaji mara moja kwa mwezi, na pia baada ya kubadilisha kadi ya picha au kusasisha mfumo endeshi, kwani masasisho wakati mwingine huiondoa profaili bila kukuarifu.

Mwisho chapisha picha moja ndogo yenye ngozi, kitambaa cheupe na kivuli kizito, ikiwa programu yako inatumia profaili ya karatasi na wino unaotumika, kisha uiweke chini ya taa yako kando ya skrini. Ikiwa bado ina giza kuliko inavyoonekana kwenye skrini, usiing'arishe picha; teremsha mwangaza wa monita kwa kandela 10, pima upya, ulinganishe tena. Zikishafanana, andika mwangaza, weupe na thamani za vitufe vitatu kwenye kipande cha karatasi ukibandike nyuma ya monita, kisha ufunge menyu yake kama inaruhusu, hasa pale kompyuta inapotumiwa na zaidi ya mtu mmoja.